Maskani, Maskini na Mlango wa Kijijini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa rungu wala filimbi. Nilipewa kidude cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, chenye kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba, na kila ukibonyeza namba hupanda moja. Sisi walinzi tunakiita klika. Msimamizi wa Zamu, sajenti mstaafu mwenye masharubu na hasira za bure, alinisimamisha kwenye mlango wa ukumbi wa hoteli moja ya Mombasa akaniambia, "Wakesho, anayeingia bonyeza. Anayetoka andika. Na ujue mlango hauna shemeji." Kufikia saa kumi jioni klika yangu ilisema kuna watu mia mbili na kumi ndani ya ukumbi wa viti themanini. Nilikuwa nikibonyeza kwa woga kila nikisikia kiatu. Sajenti hakunifukuza. Alinifundisha kutazama uso kwanza, kidole baadaye.

Nimeshika milango miaka thelathini na miwili, kumi na miwili ya mwisho ikiwa Doha, na sasa niko nyumbani Wundanyi nikingojea magoti yanisamehe. Vijana wanaojiandaa kwenda Ghuba huja kuniuliza kazi ya ulinzi ikoje. Huwaeleza mengi, lakini kuna jambo moja ambalo huwa nalikwepa. Leo nitalisema, maana mficha uchi hazai, na mimi nimeificha aibu hii vya kutosha.

Doha nilianzia geti la kampaundi ya nyumba za familia, kazi ya kuinua kizuizi na kuandika namba za magari. Msimamizi wa pale alikuwa mtu wa kuvizia. Alikuja bila taarifa, akaweka kiganja juu ya kiti changu kuona kama kina joto, kwa sababu kiti chenye joto ni ushahidi kwamba mlinzi alikuwa amekaa. Mwezi wa saba wa Doha kila kiti kina joto, hata kile kisichokaliwa na mtu tangu Krismasi. Niliandikiwa barua mbili za onyo kwa kosa la jua.

Ndipo nikasikia hoteli moja ya Al Sadd inatafuta mlinzi mwanamke wa mlango wa baa, na kwamba anayejua Kiarabu atatangulizwa. Mimi nilijua salamu, kuhesabu, yalla na khalas, yaani twende na basi. Lakini nilijipa moyo. Kitabu ni kitab, samaki ni samak, sita ni sitta, saba ni sabaa. Mtu wa kwetu akifika kule hudhani Kiarabu ni Kiswahili kilichovaa kanzu. Kwenye fomu, pale palipoandikwa lugha, nikajaza: Kiingereza, Kiswahili, Kitaita, Kiarabu. Sikuulizwa swali lolote, nikapewa sare nyeusi na mlango.

Baa yenyewe ilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya hoteli, na aliyeibuni aliitaka ifanane na baa ya kijiji cha Uingereza. Kibao cha mlangoni kilichorwa kondoo na daraja la mawe. Ndani kulikuwa na mbao nyeusi, viatu vya farasi vya shaba ukutani, na meko ya uongo yenye magogo ya plastiki na taa nyekundu ndani yake. Nje nyuzi joto arobaini na tano, ndani wazee wa Kizungu wameketi mbele ya moto usiounguza. Wafanyakazi wote wa Afrika Mashariki tulipaita Kijijini.

Kazi ya mlango wa baa Doha ina kanuni zake. Kitambulisho cha ukaazi, tulichokiita QID, hutazamwa mara tatu: uso, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha. Ukitazama mara mbili umelala. Mlevi haambiwi amelewa. Unamwambia rafiki yake kwamba teksi imefika, na rafiki ndiye atakayemtoa. Usimguse mtu. Geuza bega lako mahali anapotaka kupita, naye atapita unapotaka wewe. Kila tukio linaandikwa kwenye kitabu cha matukio kwa wino, na ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke. Mkuu wa Usalama wetu, Mnepali aliyewahi kuwa askari, alikuwa akisema, "Kitabu kisicho na kosa kimeandikwa na mwongo."

Upande wa kushoto wa ile meko palikuwa na kona. Mchana wa siku za mapumziko walikuja watu wetu sita au saba: dereva wa Nairobi, muuguzi wa Eldoret, Waganda wawili walinzi wenzangu, na wengine walioletwa na shida zao. Kila mmoja alinunua soda moja akaikalia saa nne. Muuguzi aliwasomea wenziwe mikataba, maneno madogo ya chini ambayo mawakala hawayapendi. Hapo ndipo ulisikia ni wapi wanaajiri, na ni wapi uende ukidhulumiwa. Yule dereva, aliyeniita Mathe, yaani mama, alikuwa akiniambia akiingia, "Mathe, niko maskani. Mtu wangu akikuja mwambie aingie tu." Maskani, kwa maana yetu: kijiwe, mahali ambapo mtu akikosekana siku mbili huulizwa yuko wapi. Nilikuwa mkali mlangoni, lakini kwa kona ile niligeuza bega kidogo tu.

Mhudumu wao alikuwa Nakato, binti wa Masaka, mwenye miaka ishirini na sita na hatua za haraka. Aliwaletea maji bila kuombwa. Tuliishi chumba kimoja katika nyumba ya wafanyakazi kule Al Mansoura, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu, mpaka magoti yangu yalipokataa ngazi naye akanipisha bila maneno. Nakato alikuwa na zamu ya kukatwa, yaani unafanya kazi mchana, unakaa bure saa tatu, kisha unaendelea jioni. Basi la kampuni halikurudi Al Mansoura katika saa hizo. Kwa hiyo aliweka godoro jembamba kwenye stoo ya baa, akajinyoosha hapo akingojea zamu ya pili. Sisi sote tulijua.

Hoteli ilikuwa imezeeka. Baada ya Kombe la Dunia vyumba vipya vilijaa mjini na vyetu vikabaki vitupu. Mwenye mali akaamua ghorofa ya chini igeuzwe fleti za kupangisha kwa mwezi, baa ikiwa ya kwanza kufungwa. Nakato hakusubiri kusukumwa. Aliomba nafasi katika hoteli mpya ya Lusail, akafaulu usaili, akabakiwa na kitu kimoja: barua ya hoteli yetu, yenye sahihi ya Mudiri, kwamba anaondoka kwa wema. Mudiri, yaani meneja mkuu, aliahidi kuisaini Jumapili. Wale wa Lusail walikuwa wamempa mpaka Jumapili hiyohiyo.

Sasa nifike Alhamisi.

Mudiri wetu alikuwa Msudani mrefu, mpole wa sauti, asiyerudia neno. Asubuhi hiyo alinikuta ndani ya baa kabla haijafunguliwa, mkononi ana michoro ya mhandisi. Alitaka kila idara imweleze ukumbi ule unatumika vipi. Kwa kuwa faili langu lilisema najua Kiarabu, alizungumza nami Kiarabu, kama siku zote, na mimi kama siku zote niliitikia nusu na kubahatisha nusu. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuitetea Kijijini. Nikanyoosha mkono kwenye ile kona.

"Mudir, hadha maskan." Hii ni maskani.

Akageuka. "Maskan?"

"Aiwa. Maskan." Ndiyo, maskani.

"Fi nas saknin hina?"

Nikasikia masakin, maskini kwa wingi. Nikadhani ananiuliza kama maskini huja hapa, na moyo ukanichangamka, kwamba kumbe mtu huyu ana huruma. "Aiwa, mudir," nikasema. "Masakin. Wajid." Wengi sana.

"Kam nafar?"

Watu wangapi. Hilo nililijua barabara. "Sitta, sabaa."

"Kul yom?"

Si kila siku, lakini mwombaji hapunguzi. "Kul yom," nikamjibu.

Akakunja michoro, akasema khalas, akatoka. Nilibaki nikijipongeza. Nilipanga hata jinsi nitakavyowasimulia wale wa kona kwamba Mathe wao amewapigania kwa Kiarabu.

Kabla ya adhuhuri Mkuu wa Usalama alikuja na utepe wa kufungia milango. Aliifunga stoo, akabandika karatasi. Jumapili saa mbili asubuhi baa yote itapekuliwa. Atakayebainika amekuwa akiishi humo ataachishwa kazi na kurudishwa kwao. Nilimfuata dereva wa hoteli, Athmani, mtu wa Lamu aliyesoma chuo cha Kurani hadi akahitimu, nikamwomba anisaidie kuelewa kimetokea nini. Akaniambia, "Hebu nikaririe mlivyosemezana, neno kwa neno."

Nikamkariria. Nilipofika "saknin" alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada Wakesho, sakin ni mkaazi. Mtu anayeishi mahali. Na maskan kwao ni makazi, si kijiwe chenu hicho. Bwana amekuuliza kama kuna watu wanaoishi humu baa. Nawe umemwambia ndiyo, wengi, sita saba, kila siku."

"Na maskini je?"

"Maskini ni wewe."

Alicheka, kisha akaniona uso wangu akaacha. Nikakaa juu ya ngazi za mlango wa nyuma, mimi niliyeandikiwa onyo kwa kiti chenye joto.

Nakato alipata habari kwenye basi. "Mama, godoro langu liko ndani," akaninong'oneza. "Na ile shuka ni ya kampuni, iko na namba yangu." Shuka za wafanyakazi zote zilipigwa chapa ya namba ya kazi, ili zisiibwe. Kulitoa godoro hakukuwezekana: utepe mlangoni, kamera kwenye ujia. Akaniuliza, "Nani amesema watu wanalala mule? Nani anatuchukia hivo?"

Nikamjibu, "Sijui."

Neno hilo ndilo huwa nalikwepa. Nilidanganya kwa kinywa changu, nikiwa nimeketi bega kwa bega naye. Nilikuwa na sababu zangu. Fleti zikikamilika zingehitaji mlinzi wa ukumbi wa mbele, kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, familia za Kiarabu za kusalimu. Mkuu wa Usalama alikwisha kunitaja kwa nafasi hiyo kwa sababu ya Kiarabu changu. Nilikuwa na miaka hamsini na saba na magoti mabovu. Nikijitaja, fomu ile ya uongo ingefunguliwa.

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa ndefu kupita kiasi. Nakato alipanga nguo zake ndani ya sanduku, akazitoa, akazipanga tena. Kila simu ikilia aliishika kabla haijalia mara ya pili. Alimpigia mamake Masaka akamwambia kila kitu kiko sawa, kisha akaenda bafuni akakaa huko muda mrefu. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha chini, kile alichonipisha, nikitazama mbao za kitanda cha juu. Niliona aibu mpaka chakula kikanikataa.

Jumamosi alasiri nikapata njia niliyoiona ya busara. Nyumba yetu ya wafanyakazi ilikuwa na daftari la kuingia na kutoka, na Nakato alitia sahihi humo kila siku akirudi kutoka kazini na kila asubuhi akitoka. Mlinzi wa pale akaniruhusu nipige picha kurasa za miezi mitatu. Nikajiambia: daftari litamwokoa yeye, na hakuna atakayeuliza habari zangu.

Jumapili saa mbili tulisimama Kijijini, Mudiri, Mkuu wa Usalama, Nakato na mimi. Utepe ukakatwa. Godoro likatolewa, shuka ikakunjuliwa, na Mkuu wa Usalama akasoma namba kwa sauti. Nakato hakulia. Aliinua mkono kama mtoto anayeitwa darasani.

Nikatoa simu yangu, nikamwonyesha Mudiri kurasa. Akazisoma moja moja bila haraka. Akanirudishia simu.

"Aiwa," akasema. Kisha akahamia Kiingereza ili wote tusikie. "Huyu analala Al Mansoura. Nimeona. Basi watakuwa ni wale wengine. Niliambiwa ni sita au saba. Mama, wewe ndiye unayeshika mlango. Nipe majina yao."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeziba mlango wa mbele nikaacha wa nyuma wazi.

"Mwakilishi wa mwenye mali anafika saa tatu," akasema. "Nimeshamwandikia kwamba kuna watu wanaishi kwenye baa yake. Sitamwambia hakuna mtu. Ukinipa majina, nitaendelea na majina. Usiponipa, nitaendelea na nilichokikuta." Akatazama godoro. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na folda ya barua, na juu kabisa niliona jina la Nakato.

Nilimtazama Nakato. Alikuwa akinitazama kwa matumaini, kwa sababu alijua ningewatetea wale wa kona, na hakujua kingine chochote.

"Mudir," nikasema, "hakuna majina. Mimi sijui Kiarabu."

Akainua macho kutoka kwenye godoro.

"Nilijaza fomu kwa uongo. Kwetu maskani ni mahali pa kukaa na kuzungumza, na maskini ni mtu asiye na kitu. Ulipouliza wakaazi, nilisikia maskini. Wanaokuja hapa ni wateja wa soda moja, wanakaa kwenye kona ile na kwenda zao. Hakuna mtu anayeishi humu, na hajawahi kuishi. Huyu alijinyoosha tu kati ya zamu. Nilijua tangu Alhamisi mchana nikanyamaza."

Nilisikia Nakato akivuta pumzi. "Banange," akasema polepole, yaani jamani kwa Kiganda. Sikuthubutu kugeuka.

Mudiri hakupandisha sauti. "Umekuwa mlangoni kwangu miaka saba," akasema, "na miaka yote hiyo nimekuwa nikizungumza peke yangu." Akachomoa kalamu, akafungua folda juu ya kaunta ya baa, akatia sahihi barua ya Nakato, akapiga muhuri. Kisha akaniambia, "Godoro litoke leo. Na mlango mpya nitampa mtu anayesikia." Akaenda kumngojea mwakilishi, na alichomwambia sijakijua hata leo.

Jioni niliandika kwenye kitabu cha matukio. Nilirudi ukurasa wa Alhamisi, mahali nilipoandika kwa fahari kwamba nimemweleza Mudiri matumizi ya baa, nikapiga mstari mmoja juu ya sentensi ili isomeke.

Nakato alihama siku ya pili. Hakunishukuru, wala hakupaswa kunishukuru. Gari la Lusail lilipofika alipakia sanduku, akarudi mlangoni akanishika mkono. "Mama, ungeniambia Ijumaa," akasema. Nimetukanwa na walevi wa mataifa kumi na tusi halikunigusa. Neno hilo la upole bado liko nami.

Mimi niliachiwa mlango wa zamani hadi mkataba wangu uishe, kwa hiyo niliiona Kijijini ikibomolewa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Klika ikawa ya kuhesabu mafundi. Walitoa mbao, wakang'oa viatu vya farasi, na magogo ya plastiki yakatupwa kwenye toroli na taa yao nyekundu. Ukumbi ukagawanywa fleti nne, kila moja na jiko lake na bafu lake. Kona yetu ikawa chumba cha kulala cha fleti ya kwanza. Wale sita saba walijaribu kuhamia kibanda cha karaki, chai ya maziwa ya huko, kule Al Mansoura, lakini pale watu hunywa wamesimama na kuondoka. Muuguzi alihamishwa, dereva akarudi Nairobi. Sikusikia tena mtu akiuliza ni nani hajaonekana siku mbili.

Kwa hiyo vijana wangu, mkiniuliza kazi ya ulinzi ni nini, nitawaambia ni kukagua kile unachokiruhusu kupita. Nilikagua vitambulisho vya maelfu ya watu, mara tatu kila kimoja, na neno la kinywani mwangu mwenyewe nikalipitisha bila kulitazama uso. Jifunzeni lugha ya mahali. Msipoijua semeni hamuijui, na mseme siku hiyohiyo, msingoje Jumapili.

Siku yangu ya mwisho wapangaji wa kwanza walikuwa wameshahamia. Nilikabidhi klika, sare na kitabu. Mudiri alitoka nje kuniaga, tukasimama mbele ya mlango ambao zamani ulikuwa na kondoo. Akanitazama kwa pembe ya jicho akaniuliza, polepole kabisa, kwa Kiarabu.

"Mama. Fi nas saknin hina?"

Safari hii nilisikia. "Aiwa, mudir. Saknin." Wapo wanaoishi.

"Wa masakin?" Alikuwa anatabasamu. Na maskini je?

Nikatazama dirisha la ile kona, pazia jipya limefungwa.

"La, mudir," nikamjibu. "Masakin, khalas." Maskini hawapo tena.

Tabasamu likamfifia. Akanifungulia mlango wa teksi kwa mkono wake mwenyewe.